Mstari wa Sita

Jumamosi hiyo haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1961, na karakana ya Casimir katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa mji mkuu wa Katanga, ilinukia maranda mabichi. Nje walipita wanawake na mabeseni ya mihogo kichwani. Mtu mmoja alikuwa akijaribu baiskeli iliyotoka kutengenezwa, akizunguka, akipiga kengele, akizunguka tena. Mjomba wangu Symphorien, wakati ule kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amepiga magoti akisugua kiti kwa msasa. Casimir alisimama nyuma yake, kalamu ya seremala sikioni.

"Mutoto, unasugua kiti ao unakiazibu?"

"Nasugua, baba."

"Kiti ilikukosea nini? Polepole. Hata jeneza hatuisugue hivi, na mwenyewe haone."

Mjomba alicheka. Alinisimulia kicheko kile akiwa mzee, hapa mtaani Hewa Bora, naye hakucheka tena. Alinisimulia mara moja tu, alasiri moja, kisha akaomba maji, akayaangalia, asiyanywe.

Casimir hakuwa baba yake wa kuzaa. Alikuwa baba yake wa kiti.

Ndugu wa Kiti kilikuwa chama cha wanaume waliokuja mjini kutafuta kazi, wakaziacha koo zao mbali. Wengine walitoka Kasai kwa treni, wengine Luapula kwa miguu. Mtu akifia mjini bila shangazi wala mpwa, nani atamwosha? Nani atamwita kwa jina lake? Chama kilizaliwa kutokana na swali hilo. Kila Jumapili, saa kumi alasiri, walikaa duara, kila mmoja juu ya kiti chake cha miguu mitatu, kifupi, kilichochongwa kwa mulombwa, ule mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Majina yaliitwa. Aliyekuwepo aliitikia. Asiyekuwepo aliitikiwa na mwanafunzi wake.

Hawakuandika kitu. Mambo ya chama yalitoka kinywa kimoja yakaingia sikio moja. Kila mwanachama mpya alikabidhiwa baba wa kiti, na baba huyo alimfunza masomo sita, bila haraka. Mwaka, miaka miwili, vyovyote. Somo likiiva, baba alichora mstari mmoja chini ya kiti cha mwanawe. Hakukigeuza kiti ili achore. Alilala chali sakafuni kama fundi wa magari, akaingiza kichwa kati ya miguu mitatu, akachora akiwa chini.

Kiti cha mtu aliye hai hakigeuzwi.

Hilo ndilo lilikuwa somo la tano, na Casimir alilifunza kwa sauti ndogo, mlango wa karakana umefungwa. Ndugu akifa, kiti chake kinaachwa wima Jumapili mbili. Jumapili ya tatu, saa kumi, mwanawe wa kiti anakishika kwa mikono yake mwenyewe na kukipindua. Asipokipindua, marehemu atarudi kukaa. Na akikaa sana, ataona upweke. Na akiona upweke, atamvuta ndugu mmoja amkalie karibu.

"Na kama mwenyewe iko muzima?" mjomba aliuliza. "Kama mutu anakosea?"

Casimir alitoa kalamu sikioni, akaitazama ncha yake. Ilikuwa kalamu bapa, ya risasi nyekundu, na hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo.

"Kupindua kiti ya muntu muzima," alisema, "ni kumumwanga. Kama maji. Unasikia? Haokoteke tena."

Alilala chali, akachora mstari wa tano.

Lilibaki somo moja.

Mjomba alikuwa na akili, lakini alikuwa na kasoro moja. Alifanya kazi ya kupanga herufi za risasi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na kazi ile ilimzoesha kumalizia sentensi kabla ya kuisoma yote. Jicho liliona nusu, mkono ulichukua iliyobaki. Hata watu aliwamalizia. Ulianza kusema, yeye akamaliza, akaitika kwa kichwa. Nimesikia, baba. Nimesikia, mama. Casimir alimwita mumezaji.

"Weye unameza mbele ya kutafuna," alimwambia. "Siku moja utameza mufupa."

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo kwa mwaka mzima. Ilikuwa na bendera yake, noti zake, na jandarma, askari wake, barabarani. Watu wa Kasai, hata waliozaliwa mjini, walianza kuitwa wageni. Kwanza lilikuwa neno tu. Kisha ikawa alama ya chokaa mlangoni. Mwisho wa mwezi ule wa nane, milango iliyochorwa ilianza kuvunjwa, na watu wakakimbilia nje ya mji, kwenye uwanja uliolindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Kambi iliota kwa siku tatu: magunia, mabati, matawi, mashuka yaliyofungwa kwenye vijiti, watu maelfu kwa maelfu.

Casimir alikuwa Mkasai. Mjomba pia. Walikwenda pamoja, na mke wa Casimir aliyeitwa Ngalula, na ndugu wengine wawili wa chama: Stanislas, dereva wa makamo aliyependa kuamuru, na Gérard, mpishi wa hoteli, mwembamba, mpole. Wengine wa chama, wakiwemo wazee wote, walitawanyika. Wanaume hao wanne walifika kambini wamebeba viti vyao vichwani.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga foleni ya maji aliwaona, akashika kiuno.

"Bengine banakimbia na masufuria," alisema, "hawa banakimbia na viti. Mutapika viti, babaa?"

"Tutavikaanga," Gérard alijibu. "Leta mafuta tu, mama."

Watu walicheka. Ndicho kicheko cha mwisho mjomba alichokumbuka kutoka mahali pale.

Casimir hakukaa wiki mbili. Alitaka kumtoa mkewe Katanga kabla mambo hayajachacha, na njia aliyoiona ilikuwa Kasenga, kwenye mto Luapula, ambako mtu mwenye mtumbwi angewavusha hadi ng'ambo, upande wa Waingereza. Mfanyabiashara wa samaki aliyeitwa Aruna, mtu wa Maniema, rafiki wa siku nyingi, alikubali kumficha kwenye lori chini ya vikapu vitupu. Angekwenda peke yake, apange mtumbwi, kisha amtumie Ngalula habari.

Lori lilisimama nje ya kambi saa tatu asubuhi. Casimir alimkabidhi mjomba kiti chake.

"Ukichunge. Na ngojea, somo ya sita ilibakia, nikupatie kidogo. Ni ya kiti yenye kulowa." Alikuwa akivaa kofia huku akisema. "Utakuta siku moja kiti ya ndugu imelowa, na mvua haiko, na hakuna muntu alimwanga maji. Ile siku, mwenyewe…"

Lori lilipiga honi.

"Mwenyewe alikufa," mjomba alimalizia. "Nimesikia, baba. Enda, banakuita."

Casimir alimtazama. Mjomba alisema yalikuwa macho ya mtu aliyesahau kitu nyumbani na hajui ni kitu gani. Kisha akatabasamu, akampiga kidogo begani kwa ile kalamu.

"Mumezaji. Nikirudia, tutatafuna pamoja."

Hakuchora mstari. Aliirudisha kalamu sikioni, akakimbia, akalala chini ya vikapu. Lori likaondoka na harufu yake ya samaki.

Jumapili ya kwanza kiti kilikuwa kikavu. Stanislas aliita majina. Alipofika kwa Casimir, mjomba aliitikia: "Iko mu njia." Wiki iliyofuata bunduki zililia mjini siku nane mfululizo. Barabara zikafungwa. Habari hazikuja. Kila Jumapili mjomba aliitikia vilevile, na kila Jumapili sauti yake ilipungua kidogo. Ngalula alikaa mbele ya kibanda chake, turubai kwa turubai na cha mjomba, akitazama barabara.

Mwezi wa kumi ukaingia. Joto lilikuwa la kabla ya mvua, mbingu nyeupe, ardhi imepasuka. Maji yalikuwa foleni ya muda wa saa nne kwa ndoo moja. Hakuna aliyemwaga hata tone. Maji ya kuoshea mchele yalioshewa mtoto, maji ya kuoshea mtoto yaliloweshewa nguo.

Saa kumi, Jumapili ya kwanza ya mwezi ule, waliweka viti duara nyuma ya kibanda.

Kiti cha Casimir kilikuwa kimelowa.

Si chote. Palilowa pale tu mtu anapokaa.

"Nani alimwanga maji?" Stanislas aliuliza.

Mjomba aligusa kwa kidole. Maji yalikuwa baridi. Katika joto lile, baridi kama ya mtungi wa udongo. Alinusa. Tope. Na samaki.

"Ni vikapu bya Aruna," Gérard alisema. "Ile harufu ya lori ilibakia."

Lori lilikuwa limeondoka wiki nne nyuma, na kiti hakikupanda lori.

Ngalula aliwasikia wakinyamaza. Kunyamaza kuna sauti yake, na wake za Ndugu wa Kiti waliijua. Alijongea mpaka kwenye kona ya turubai, akasimama pale ambapo mwanamke aliruhusiwa kusimama.

"Munasema nini? Mulisikia habari ya bwana yangu?"

Mambo ya kiti hayaambiwi mwanamke. Hilo lilikuwa ndani ya somo la kwanza kabisa. Mjomba alisogea akakificha kiti kwa mwili wake.

"Hakuna kintu, mama," alisema. "Tunazungumuza tu."

Jumapili ya pili, maji yalikuwa yakitiririka. Yalitokea juu ya kiti, yakashuka kwenye miguu mitatu, yakadondoka. Tone. Kimya. Tone. Mjomba aliinama kutazama yanakoangukia. Ardhi chini ya kiti ilikuwa kavu. Vumbi halikuwa na alama. Tone lilitoka kwenye ubao na halikufika popote.

Gérard hakukaa duara siku hiyo hadi mwisho. Alishika tumbo, akaomba ruhusa, akaondoka akipepesuka. Kufikia Jumatano alikuwa amelala, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Kambini watu wengi waliugua hivyo na wengi walikufa. Kila mtu alijua. Lakini Stanislas alikuwa na maelezo mengine.

"Kiti inavuta," alimwambia mjomba. Walikuwa kwenye foleni ya maji, naye alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Uko na macho. Casimir alikufa. Anakaa pale, anaona upweke, anamuvuta Gérard."

"Hatujue kama alikufa."

"Kiti imelowa. Weye mwenyewe ulisema alikufundisha. Ikilowa, mwenyewe alikufa. Ulisema ao haukusema?"

Mjomba alikuwa amesema hivyo. Aliyasema maneno hayo mara tatu au nne, kwa uhakika, kama mtu aliyeyapokea. Sasa alijaribu kuyasikia tena kwa sauti ya Casimir, na kila alipojaribu, alisikia honi ya lori, kisha sauti yake mwenyewe.

"Baba wako wa kiti hakukufunza ile somo?" alimuuliza Stanislas.

"Alinifunza masomo tano. Alikufa mbele ya kumaliza, na Gérard hajafika hata pale." Stanislas alisogeza ndoo yake hatua moja. "Jumapili itakuwa ya tatu. Ukikosa kupindua, tutamuzika Gérard. Na nyuma ya Gérard, ni miye ao ni weye."

"Na kama iko muzima? Nitamumwanga?"

"Muntu muzima kiti yake haitoke maji."

Siku zile mjomba hakula vizuri. Alitembea. Alikwenda mpaka waya wa kambi, akarudi, akaenda tena. Mguu mmoja ulimwambia pindua, mguu wa pili ukamwambia ngoja. Alimtembelea Gérard, akamkuta amekuwa mifupa na shuka. Alirudi akapita kwa Ngalula, akamkuta anachambua maharage, moja moja, kama anatafuta kitu ndani yake.

"Mama," alisema, "unamuotaka baba mu ndoto?"

Ngalula hakushangaa. "Kila mara. Amesimama. Hasemi. Anaangalia nyuma yake kama muntu anatafuta fasi ya kukaa." Alitupa jiwe dogo. "Symphorien, kama unajua kintu, uniambie. Miye si mutoto."

Kinywa cha mjomba kilifunguka. Kisha akakumbuka somo la kwanza.

"Hakuna kintu, mama."

Jumapili ya tatu, saa kumi.

Walikuwa wawili tu. Viti vilikuwa vitatu. Gérard alikuwa amelala kibandani hajitambui, kiti chake mlangoni kwake. Hapakuwa na upepo. Kambi nzima, na kelele zake za watoto na mapanga na masufuria, ilionekana kusogea mbali.

Kiti cha Casimir kilikuwa kinameremeta. Maji yalikuwa yakipanda na kushuka juu ya ubao, polepole, kama kitu kinachopumua.

Stanislas aliita majina. Akafika.

"Casimir."

Mjomba hakuitikia.

"Casimir," Stanislas alirudia, kwa kunong'ona.

Mjomba aliinuka. Alikishika kiti kwa mikono miwili. Maji yalimpanda hadi viwiko, baridi. Akainua.

Hakikuinuka.

Aliniambia: mwanangu, kilikuwa kizito. Si uzito wa mulombwa, maana viti vile nilivibeba kichwani. Kilikuwa na uzito wa mtu. Mtu aliyekaa. Mtu anayejishikilia.

Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Alijua. Vidole vyake vilijua.

"Pindua," Stanislas alisema.

Kutoka kibandani Gérard alikohoa, kikohozi kirefu, kisichofika mwisho.

Mjomba alifumba macho. Akasukuma kwa kifua. Kitu upande wa pili kilisukuma pia. Kisha kikaacha.

Kiti kilipinduka.

Sauti haikuwa ya mti kugonga ardhi. Ilikuwa sauti ya maji mengi, yanapofunguka na kujifunga tena.

Alipofumbua macho, kiti kilikuwa kimelala, miguu mitatu juu. Kikavu. Chepesi. Stanislas alikipasua kwa shoka na kukitia motoni kama desturi inavyotaka, nacho kikawaka vizuri sana, bila moshi, kama kuni ya miaka kumi.

Gérard aliamka asubuhi yake akaomba uji. Daktari wa ONU alikuwa amempa dawa tangu Ijumaa, lakini Stanislas alimtazama mjomba na kuitika kwa kichwa, na kwa siku nane mjomba alilala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Siku ya tisa alikuja Mwajuma.

Alikuwa dada yake Aruna, mwanamke mnene, mtaratibu, aliyeuza samaki kati ya Kasenga na mji. Alikuja na kifurushi cha kitenge. Ngalula alipomwona anavua viatu kabla ya kuingia, alikaa chini mwenyewe, asingoje kuambiwa.

Mjomba alikuwepo. Alisimama nje ya turubai, akasikia yote.

"Bwana yako alijificha kwetu tangu mwezi wa tisa," Mwajuma alisema. "Jandarma walikuwa pa bandari, hakuweza kuvuka. Halafu homa ikamushika. Homa mubaya. Jumapili mbili tulisema huyu anaenda. Anatoka jasho mupaka mukeka unalowa. Halafu anarudi. Anaenda, anarudi. Alikuwa anasema kwa homa, tumushikie fasi yake. Tulimushika mikono, tulifikiri ni ile anataka."

Ngalula alijongea karibu naye.

"Jumapili ya tatu akaamuka. Dhaifu, lakini anacheka. Jandarma walikuwa wametoka. Mvuvi mumoja, anaitwa Ngosa, akamuweka mu mutumbwi wake. Mama, maji ilikuwa imetulia. Nilisimama pa kivuko, niliona kwa macho yangu. Maji kama sahani. Wamefika katikati. Bwana yako amekaa vizuri, ameshika kingo mbili." Mwajuma aligeuza kiganja chake chini. "Mutumbwi ukapinduka. Haukuyumba. Haukugonga kintu. Ulipinduka tu, kama muntu anapindua kiti. Ngosa aliogelea. Bwana yako alishikilia mupaka mwisho, Ngosa anasema. Alishikilia, halafu akaachilia."

"Saa ngapi?" Ngalula aliuliza.

"Alasiri. Saa kumi."

Mwajuma alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na kofia, na futi ya mbao ya kukunja.

"Na kalamu yake?"

"Tulitafuta, mama. Tulimukuta siku ya pili mu matete. Kalamu haikuonekana."

Mjomba aliingia. Alipiga magoti mbele ya Ngalula kama alivyopiga magoti karakanani, na akavunja somo la kwanza. Alisema yote. Kiti, maji, Jumapili tatu, uzito ule. Ngalula alimsikiliza huku ameshika kofia tumboni. Alipomaliza, mwanamke yule hakulia wala hakumpiga.

"Uliona kiti inalowa, na haukuniambia."

"Mambo ya kiti, mama, haiambiwe…"

"Bwana yangu hakuniambiaka mambo ya chama," Ngalula alisema. "Lakini alikuwa anarudilia masomo yake kwa sauti, akiranda mbao, sababu aliogopa kuyasahau. Miaka kumi na ine nilikaa pale nachambua maharagi. Niko na masikio. Ya sita naijua kama Baba Yetu."

Mjomba hakutaka kuisikia. Mara ya kwanza maishani mwake, hakuweza kumalizia sentensi ya mtu.

"Kiti ikilowa, mwenyewe iko pa mulango ya kifo, na hajaingia. Mwana wake akae juu ya ile kiti. Amushikie fasi mupaka ikauke."

"Kukaa tu?" mjomba aliuliza.

"Kukaa tu."

Alitoka nje. Jua lilikuwa kali bado. Watu walikuwa wakitembea, wakibishana, wakipika. Mwanamke wa foleni alimwita, "Ee baba wa viti," naye akapita tu. Alikwenda nyuma ya kibanda. Kiti chake mwenyewe kilikuwa pale alipokiacha, wima, kikavu, peke yake.

Hakujua kwa nini alifanya alichofanya. Alilala chali kwenye vumbi. Aliingiza kichwa kati ya miguu mitatu, kama alivyomwona Casimir akifanya mara tano. Akatazama juu.

Mistari mitano. Myekundu, iliyofifia, iliyonyooka.

Na wa sita.

Ulikuwa mpya. Ulianza umenyooka, kisha ukatetemeka kidogo mwishoni, kama uliochorwa na mkono uliochoka. Somo lilikuwa limeiva. Mwalimu alikuwa ameweka alama.

Mjomba hakupiga kelele. Alibaki pale chini, akitazama, mpaka tone la maji baridi lilipotoka kwenye mstari ule likamwangukia kati ya macho.

Chama hakikurudi kuwa chama. Gérard alichukua treni ya Kasai mwaka uliofuata, na Ngalula pia, na kofia. Stanislas hakukaa tena duara na mtu yeyote. Mjomba alibaki mjini, akaoa, akazeeka, na hakufunza mtu. Aliongea polepole, na ukiongea naye alingoja, hata ulipomaliza alingoja bado, mpaka ukajiuliza kama umesahau neno. Katika nyumba yake hapakuwa na kikombe, ndoo wala kiatu kilichopinduliwa.

Alipofariki, kiti kilikuja kwangu. Kipo nyuma ya mlango wa chumba changu, wima. Jumapili ya tatu baada ya mazishi nilikikaribia saa kumi, na sikukipindua, kwa sababu sikufunzwa, na sikuthubutu kukisia. Nililala chali tu, nikatazama.

Mistari mitano ya kwanza imekuwa kahawia. Hata nikiisugua haiachi kitu kidoleni. Mvua zilikuwa hazijaanza. Dari langu halivuji.

Nilipitisha kidole juu ya ule wa sita. Kilitoka chekundu, na kimelowa.